Kizunguzungu Nilichokisoma Vibaya

Mwanangu Sekela,

Umetoka kwenda kuwaaga majirani, nami nimefunika cherehani na kukaa kwenye meza ya kukatia nguo. Nadhani unategemea ukirudi utanikuta napanga sanduku lako. Sanduku lilishafungwa tangu asubuhi. Mashuka yamo, sabuni imo, na sweta niliyokufumia imo juu kabisa, maana Iringa nako baridi haina subira. Habari za kuamka mapema, kuchagua marafiki na kutunza nguo sitaziandika. Ulizijifunza Kihesa kwa mama yako mkubwa, naye alikufundisha vizuri kuliko mimi.

Nataka kuandika habari za mwaka ule wa unga wa yanga. Tangu urudi tumekaa mwezi mzima katika nyumba hii, tukisalimiana kwa adabu kama wapangaji wawili, na hakuna kati yetu aliyeutaja. Nimejaribu. Juzi tulipokuwa tunachambua maharage nilifungua mdomo, nikaishia kuuliza kama chuoni kuna maji ya bomba. Mengi ya haya unayajua, lakini unayajua kwa upande wako. Huu ni upande wangu. Siuandiki ili unionee huruma. Nauandika kwa sababu kesho unaondoka, na ningejisikia vibaya kukuacha uende na nusu ya habari.

Mwaka ule mahindi yalikauka mashambani, tukawa tunapanga foleni dukani kupata ule unga wa njano ambao wadogo zako walisema unanuka gunia. Reli ilikuwa inajengwa, na vijana wengi wa hapa Mwanjelwa walipata vibarua. Ambakisye na Lusajo walikuwa wakitoka shule wanakwenda sokoni kubeba mizigo. Baba yenu alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa nashona sare za watu usiku na mchana. Wewe ulikuwa kidato cha tatu, mrefu kuliko mimi, na mabega yako yalinipa taabu kila nilipokukatia blauzi.

Kisha ukaja na habari ya tufe. Ulisema mwalimu wenu wa michezo, Mwalimu Kalinga, amekuona ukirusha jiwe shuleni, akakwambia una mkono. Mashindano ya shule yangefanyika Iringa mwishoni mwa muhula, naye alitaka uende. Nilicheka. Nilidhani ni mchezo tu wa watoto, utaisha wenyewe. Haukuisha. Ulianza kuamka kabla ya jua na kwenda uwanjani, na siku moja nilipopita na mzigo wa vitambaa nikakuona kwa macho yangu. Ulikuwa umebeba begani bomba la chuma lenye madebe mawili yaliyojazwa saruji, unachuchumaa nalo na kuinuka, unachuchumaa na kuinuka, huku mwalimu amesimama kando anahesabu. Wasichana wenzako watatu walikuwa wamekaa kwenye nyasi wanakutazama. Sikusimama. Niliona aibu, Sekela, kama vile nimekukuta ukifanya jambo ambalo si la kike. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Baada ya wiki chache ulibadilika. Ulikuwa unainuka kutoka kwenye kigoda unashika ukuta. Ulikuwa ukichota maji unaweka ndoo chini katikati ya njia, jambo ambalo hukuwahi kulifanya hata ulipokuwa mdogo. Uso ulikupauka. Asubuhi moja ulisimama mlangoni na daftari zako mkononi, ukasema, "Mama, nyumba inazunguka," ukateleza ukakaa chini. Nilikupa maji. Nilikushikia kikombe mpaka ukamaliza, na wewe labda ulidhani nakuhurumia.

Haikuwa huruma. Ilikuwa hofu, na nataka ujue ilikotoka. Miaka yako unaijua, na yangu unaijua, hesabu umeshaifanya mwenyewe zamani. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya misheni kule Tukuyu. Asubuhi moja tukiwa mstarini tunaimba, bendera ikaanza kuzunguka, miguu ikawa kama si yangu, nikaanguka mbele ya wenzangu wote. Sista aliniinua, akaniangalia usoni mara moja tu, akajua. Siku hiyohiyo nilirudishwa nyumbani. Babu yako hakunipiga. Aliacha tu kuniita jina langu, mpaka alipokufa. Ndiyo maana nilipokuona umekaa pale mlangoni, sikukuona wewe. Nilijiona mimi nimeanguka tena mstarini.

Basi nikawa mpelelezi katika nyumba yangu. Nilihesabu vitambaa vyako vya mwezi kwenye kamba. Nilikuangalia tumbo ulipokuwa unaoga. Nilikuuliza jioni moja, nikiwa nimefunga mlango ili wadogo zako wasisikie, nani amefanya hivi. Hukunielewa mara ya kwanza. Ulipoelewa, hukulia. Ulisema, "Mama, sijalala na mtu yeyote. Ni mazoezi, yananichosha." Nilikwambia kwamba hata mimi nilikuwa na majibu siku zile. Ukanyamaza, na mimi nikauhesabu ukimya wako kuwa ushahidi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliona kwa macho, ulilisikia tu kwa watu. Sijui walikueleza nini. Acha nikueleze mimi.

Mwanamume pekee niliyewahi kukuona naye ni yule wa uwanjani. Asubuhi iliyofuata nilivaa kitenge changu kizuri nikaenda shuleni kwenu. Walimu walikuwa kwenye chumba chao wanakunywa chai. Mwalimu Kalinga aliniona mlangoni, akasimama, akaniamkia, akaniambia Sekela anajitahidi sana. Nilikuwa nimepanga kumwita nje. Lakini aliposema jina lako akitabasamu, kitu kikanipanda kichwani. Nilimwuliza mbele ya walimu wenzake kama nyumbani kwake hakuna mke, mpaka aje kujitafutia kwenye nyumba ya mjane. Nilisema na mengine. Hayo siwezi kuyaandika hapa, na si kwa kuwa nimeyasahau.

Hakujibu kwa hasira. Aliweka kikombe mezani, akasema taratibu, "Mama, mpeleke mtoto hospitali kwanza. Ukirudi tutaongea." Nilitoka nikijiona shujaa. Nilijiambia kwamba asiye na kosa angepiga kelele.

Hapa Mbeya sikutaka kukupeleka hospitali, maana nusu ya wauguzi nawashonea sare. Ndipo nikakwambia tunakwenda Iringa kumsalimia mama mkubwa. Unaikumbuka safari ile. Ulilala na kichwa chako kwenye kioo cha basi tangu Chimala. Makambako nilikununulia mahindi ya kuchemsha, ukasema tumbo halitaki, na mimi nikatazama pembeni nikisema moyoni, hayo ndiyo mambo yenyewe. Kila ulichofanya nilikuwa nimeshakiandalia maana.

Tulifika Kihesa jioni. Dada yangu alitupokea kwa furaha, mume wake akatusalimu "kamwene" na kukupokea mfuko. Nilimvuta dada jikoni nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akigeuza viazi kwenye sufuria, kisha akauliza jambo moja tu: wewe umesemaje. Nilimwambia umekataa. Akasema, "Basi mbona tunanong'ona?" Nilimkasirikia dada yangu usiku ule wote.

Daktari aliyetupokea kesho yake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Nilitaka kusema mimi, akaniomba nikae kwenye benchi na kukuacha useme mwenyewe. Alikuvuta kope chini akazitazama kwa ndani. Alikutoboa kidole akachukua damu. Alikupeleka nyuma ya pazia akakupima. Mlipotoka alikuuliza mambo ya mazoezi, nawe ukamweleza habari za bomba na madebe, na kwamba kila wiki mwalimu huongeza uzito, na kwamba ukiinuka nalo unabana pumzi ili usianguke. Halafu akakuuliza, "Asubuhi kabla ya kwenda uwanjani, huwa unakula nini?"

Kabla ya kumjibu ulinigeukia. Labda hukumbuki. Mimi sijawahi kuusahau mtazamo ule. Ulinitazama kama mtu anayeomba ruhusa, kisha ukasema hukuwa unakula kitu.

"Na jioni?"

Ulimwambia ugali na mchuzi. Akauliza nyama, maziwa, mayai. Ukasema kwamba hivyo ni vya wadogo zako, kwa sababu wanabeba mizigo sokoni. Ulisema bila kulalamika hata kidogo, kama mtu anayesema mvua hunyesha masika. Na mimi nilikuwa pale kwenye benchi, mikono kwenye mapaja. Ni mimi niliyekuwa nagawa chakula kile. Nilimpa Ambakisye, nikampa Lusajo, nikajibakizia kidogo, na wewe ukakwangua ukoko. Hivyo ndivyo mama yangu alivyogawa, na mama yake. Vijana wanafanya kazi nzito. Nilikuona ukibeba saruji begani kwa macho yangu, nikarudi nyumbani, nikafunua sufuria, na bado nikaona wanaofanya kazi nzito ni wao.

Na lilikuwapo lile la mayai. Uliniambia kabla ya haya yote kwamba mwalimu amekushauri ule yai kila siku kama linapatikana. Nilikujibu, "Kwani mwalimu wako anafuga kuku?" Mayai yetu yalikwenda kwa mama wa hoteli, kama kawaida. Nilikuwa nimelisahau jibu lile kabisa mpaka nilipokaa kwenye benchi la hospitali.

Daktari alisema huna mimba. Alisema damu yako imepungua sana, na mwili uliopungukiwa hivyo ukiutwika mzigo mzito ghafla, tena tumbo likiwa tupu na pumzi zimebanwa, lazima kichwa kizunguke na miguu ilegee. Alikuandikia vidonge vya madini ya chuma. Alikwambia upumzike kwanza, ule maini, maharage, mboga za majani na mayai, na ukianza tena uanze na uzito mdogo, uinuke polepole, na pumzi uitoe wakati unainua. Hakusema uache. Nakumbuka ulivyomwuliza mara mbili kama kweli hajasema uache.

Tulipotoka nje, chini ya ngazi za hospitali, uliniuliza, "Mama, mbona hufurahi?"

Nilisema twende tutachelewa chakula. Nitakujibu leo. Sikufurahi kwa sababu nilikuwa nafikiria kile chumba cha walimu. Binti yangu alikuwa ameambiwa hana mimba, shule yake imeokoka, maisha yake yamo mikononi mwake, na mimi mama yake nilikuwa nawaza nitarudije kupita mbele ya watu wale. Kwa muda mfupi, Sekela, niliona heri ingekuwa kweli ili nisiwe nimekosea. Muda wenyewe ulikuwa mfupi sana. Lakini ulikuwapo, na nadhani wewe uliuona usoni mwangu, maana jioni ile hukuzungumza na mimi tena. Ulimwambia mama mkubwa, "Naomba nikae hapa." Hukuniomba mimi. Nami sikuwa na mdomo wa kukataa.

Nilirudi Mbeya peke yangu. Mwalimu Kalinga alikuwa ameshasimamishwa mazoezi, na kabla muhula haujaisha alihamishiwa Rujewa. Hakuna aliyeniambia ni kwa ajili yangu, na hakuna aliyehitaji kuniambia. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamweleza alichosema daktari. Alinisikiliza, akasema amefurahi mtoto ni mzima, akaendelea na kazi zake. Nilijifunza siku ile kwamba neno baya likishatoka hupanda basi, na neno la kulisahihisha hutembea kwa miguu.

Hivyo shule ikawa ya Iringa, mashindano ya mwaka ule ukayakosa, na habari zako nikawa nazipata kwa dada. Aliniandikia kwamba unakula vizuri. Aliniandikia kwamba umeanza kubeba jiwe dogo uwanjani, kisha kubwa kidogo, na kwamba mume wake amekuchongea kipande cha mti ubebe begani mpaka utakapokuwa tayari kwa chuma. Mwaka uliofuata ulirusha tufe kwenye mashindano ukawa wa pili. Hilo hata dada hakuniambia. Nililisikia kwa Lusajo, aliyelisikia kwa kijana mmoja dereva, nikiwa napiga pasi suruali ya mtu. Nilifurahi sana. Halafu nikakaa chini, kwa sababu nilitambua kwamba kati ya watu wote waliokuwa wanafurahi, mimi nilikuwa wa mwisho kujua.

Kuna jambo moja usilolijua kabisa. Baada ya mavuno ya mpunga mwaka jana nilikwenda Rujewa. Nilimkuta Mwalimu Kalinga nyumbani kwake, nyuma ya mashine ya kukoboa, anamwagilia bustani ya mchicha. Mke wake alinifungulia mlango wa ua, akanitambua, akaingia ndani bila kunisalimu. Nilimwelewa. Nilisimama palepale kwenye mchicha nikamwambia nimekosa, nimemvunjia heshima mbele ya wenzake na binti yangu hakuwa na kitu. Sikuongeza maelezo. Nilikuwa nimeandaa mengi njiani, habari za baba yenu, habari za Tukuyu, lakini nilipomwona nikaona hayo yote ni ya kujitetea.

Alifunga maji. Akasema, "Mama Sekela, uliyosema yalikuwa ya uongo, na yameniumiza. Lakini mimi nami nilimwongezea mtoto chuma kila wiki, na sikuwahi kumwuliza amekula nini." Akaniambia kwamba kila akikumbuka ulivyokuwa unashika mti baada ya kuinua, na yeye akidhani ni uvivu, hulala vibaya. Tulisimama pale, watu wawili wazima waliokuwa wakikutazama kila siku bila kukuona. Kisha akauliza kama bado unarusha. Nilipomwambia umekuwa wa pili, aliinama akaendelea na bustani, nikajua anaficha uso.

Sitaki kukupa mafundisho, mwanangu. Unakwenda kusomea ualimu, na siku moja watasimama watoto mbele yako wakisema wamechoka. Utaamua mwenyewe. Kitu nilichokipata mimi kwa gharama kubwa ni hiki tu: mtu akikwambia yanayomtokea, yanaweza kuwa ndiyo hayohayo aliyosema. Wewe ulisema ni mazoezi. Neno lenyewe lilikuwa mbele yangu tangu siku ya kwanza.

Nawe mwenyewe ukichoka huko, sema. Ukisema mara moja wasisikie, sema tena, kwa sauti. Usiwe mvumilivu kama ulivyokuwa hapa nyumbani. Uvumilivu wako niliusifu kwa watu miaka mingi, kumbe nilikuwa naula.

Jumapili nilipochinja kuku, nilikuwekea filigisi kwenye sahani yako. Uliona. Wadogo zako waliona, na Lusajo akaniangalia kana kwamba nimekosea njia ya kwangu. Uliichukua ukaitafuna polepole mpaka ikaisha, ukaomba ugali zaidi. Sikujua kama ule ulikuwa msamaha au ilikuwa njaa. Nimeamua nisikuulize. Hata ikiwa njaa tu, nimefurahi nilikuwapo kuishibisha.

Kesho basi lako litapita njia panda ya Rujewa kabla jua halijawa kali. Nilimpelekea mwalimu ujumbe kwa mfanyabiashara mmoja wa mchele, nikamtajia siku utakayopita. Hakurudisha jibu. Kaa dirishani, upande wa kushoto. Ukimwona amesimama pale, mwombe dereva akupe dakika moja ushuke umwamkie. Usipomwona, usimlaumu, ana haki ya kutokuja. Lakini tazama. Na ukitazama, tazama kwa ajili yako na kwa ajili yangu pia, maana mimi nitakuwa nimebaki huku stendi na sitaweza kujua mpaka uniandikie.

Mimi niliyekuzaa, na ninayejifunza kukuona,
Mama